Kiti cha Asiyekuwapo

Jioni ya tarehe 24 Desemba, nyota ya kwanza inapoonekana, Walithuania huketi mezani. Chini ya kitambaa cheupe hutandazwa nyasi kavu, ukumbusho wa hori alimolazwa Mtoto Yesu. Vyakula ni kumi na viwili, na ndani yake hamna nyama, maziwa wala yai. Kuna samaki wa heringi, uyoga, bitiruti, na kisielius, kinywaji kizito kinachopikwa kwa matunda madogo mekundu yanayochumwa kinamasini. Kuna pia kūčiukai, vimkate vidogo vikavu kama kokoto, ambavyo huloweshwa kwenye tui jeupe linalokamuliwa kutoka mbegu za mpopi. Mkubwa wa nyumba huanza kwa sala. Kisha huchukua mkate mwembamba usio na chachu, mfano wa ule wa komunyo, akamnyooshea wa kwanza amege, naye akamega wa mwenzake, hadi wote wawe wamemegeana. Baada ya hapo ndipo watu hula.

Karamu hiyo huitwa Kūčios. Kwangu mimi, lililo kubwa ndani yake haliko sahanini. Familia iliyofiwa mwaka huo humwekea marehemu nafasi yake: kiti, sahani na mshumaa. Na watu wakishashiba, vyombo havitolewi. Meza huachwa ilivyo usiku kucha, kwa imani ya wazee kwamba roho za waliotangulia zitapita kula. Vijana nao huchomoa unyasi mmoja mmoja chini ya kitambaa, na aliyepata mrefu huambiwa ataishi miaka mingi.

Sasa fikiria, msomaji, meza hiyo hiyo mwaka 1950. Mapazia yamefungwa mapema. Sala inasemwa kwa sauti ya chini. Kesho yake, Krismasi yenyewe, ni siku ya kazi kama zilivyo nyingine, na mtoto anaonywa asije akasema darasani alichokula jana usiku. Viti vitupu mwaka huu ni vingi kupita kawaida, na kuna vingine ambavyo mama hajui avitilie mshumaa au asivitilie, kwa maana aliyekuwa akivikalia yuko Siberia na barua yake haijafika.

Utawala wa Kikomunisti uliikalia Lithuania kwa takriban nusu karne. Uliwanyang'anya watu wake ardhi, bendera na makanisa, na habari hizo vitabu vya historia vinazieleza vizuri. Mimi nataka kueleza habari ya kile kiti, maana naamini vita vyenyewe vilipiganwa hapo.

Lithuania ni nchi ndogo kando ya Bahari ya Baltiki, yenye watu wasiofika milioni tatu. Lugha yao ina ndugu mmoja tu aliyesalia, Kilatvia, na wataalamu wa lugha huipenda kwa sababu imetunza maumbo ya kale ambayo lugha nyingi za Ulaya ziliyapoteza zamani. Ubatizo nao uliwafikia kwa kuchelewa. Dola yao ndiyo ya mwisho Ulaya kuacha dini za jadi, mwaka 1387. Ndiyo maana katika mila zao Ukatoliki na mambo ya kale zaidi yake hukaa nyumba moja bila kugombana: sala ya Bwana juu ya meza, na chakula cha wafu juu ya meza hiyo hiyo.

Mkulima wa huko kabla ya Vita vya Pili vya Dunia hakulazimika kukaa kijijini bega kwa bega na majirani. Wengi waliishi katika vienkiemis, yaani boma la nyumba moja lililosimama peke yake katikati ya shamba lake, na bustani ya mitofaa, kisima, mwaloni mkubwa, kibanda cha kuogea kwa mvuke, na langoni msalaba wa mti uliochongwa kwa ustadi. Mkate wao ni mweusi, wa unga wa rai, nafaka jamaa ya ngano inayostahimili baridi. Kipande cha mkate kikianguka, mtoto hufundishwa kukiokota na kukibusu. Nyuki nao walikuwa na heshima ya peke yake. Kilithuania kina neno moja la kufa kwa mwanadamu na jingine la kufa kwa mnyama, lakini nyuki akifa, husemwa kwa neno la mwanadamu. Na neno lao la rafiki wa karibu, bičiulis, limetokana na jina la nyuki, kwa kuwa watu walioshirikiana mizinga walihesabiana kama ndugu.

Kulikuwa pia na talka. Mavuno yakiiva, au mtu akitaka kujenga ghala, majirani walikuja wote, wakafanya kazi hadi jioni, mwenye shamba akawalisha na kuwanywesha, wakaimba na kurudi makwao. Hakuna malipo, ila kesho zamu ni ya mwingine. Msomaji aliyekulia palipo na msaragambo hahitaji maelezo zaidi. Ulishike neno hilo, talka, tutalirudia.

Jambo moja zaidi kabla sijaingia katika ukomunisti wenyewe. Watu hawa walikuwa wamekwisha kuonja utawala wa Urusi. Baada ya uasi wa miaka ya 1863 na 1864, serikali ya mfalme wa Urusi ilipiga marufuku vitabu vya Kilithuania vilivyochapwa kwa herufi za Kilatini, na marufuku hiyo ikadumu miaka arobaini, hadi 1904. Vitabu vikawa vinachapwa ng'ambo ya mpaka, katika Prussia Mashariki, na kuvushwa usiku na watu walioitwa knygnešiai, wabeba vitabu. Wengine waliuawa mpakani, wengine wakapelekwa Siberia. Mama alimfundisha mwanawe kusoma huku akisokota nyuzi. Kwa hiyo kizazi cha 1940 kilikuwa na bibi na babu waliokwisha kujua jinsi ya kuficha kitu kisichotakiwa na serikali. Nadhani hiyo ilikuwa akiba yao kubwa kuliko silaha.

Uhuru walioutangaza tarehe 16 Februari 1918 ulidumu miaka ishirini na miwili. Agosti 1939 Ujerumani ya Hitler na Urusi ya Stalin ziligawana mataifa ya jirani kwa mkataba wa siri, na Juni 1940 majeshi ya Kisovieti yakaingia. Mwaka mmoja baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 14 Juni 1941, malori yalianza kupita majumbani. Walimu, wakulima wenye uwezo, maofisa na familia zao, wazee na watoto wachanga, wapatao 17,000, walipakiwa katika mabehewa ya mizigo na kupelekwa mashariki. Wanaume wengi walitenganishwa na wake zao njiani.

Siku nane baadaye Wajerumani walivamia, na miaka mitatu iliyofuata ilileta maovu ambayo siwezi kuyapita kimya. Wayahudi wa Lithuania, waliokaa nchini humo kwa karne nyingi na kuufanya mji wa Vilnius uwe mashuhuri kwa elimu yao, waliuawa karibu wote. Wanaohesabiwa ni kama 200,000, zaidi ya tisa katika kila kumi. Wengi walipigwa risasi katika msitu wa Paneriai na katika mashimo kandokando ya miji midogo, na miongoni mwa waliofyatua bunduki walikuwamo Walithuania. Ulimwengu mzima wa mila, wa Kiyidi na wa Sabato, ulitoweka katika nchi hiyo. Anayesimulia mateso ya Walithuania na kuliruka hili hajasema kweli yote.

Mwaka 1944 Wasovieti walirudi, na safari hii walikaa.

Vijana kwa maelfu waliingia msituni kuwapinga, wakapigana hadi mwaka 1953, na kama 20,000 kati yao waliuawa. Mengi yanaweza kuandikwa juu ya mapigano yao. Mimi nataka kusema juu ya maiti zao. Zilikuwa zikiletwa mjini na kutupwa uwanjani, sokoni, mbele ya kituo cha polisi, zikaachwa hapo siku kadhaa. Wapelelezi walisimama pembeni kuangalia nani atapita akalia. Mama aliyemtambua mwanawe alilazimika kupita bila kugeuza shingo, maana chozi lingewapeleka Siberia waliobaki nyumbani. Usiku maiti zilifukiwa katika vinamasi, mashimo na visima vya zamani, ili pasiwe na kaburi. Watu ambao huwaachia wafu wao chakula mezani walinyimwa hata mahali pa kuwasha mshumaa.

Mmoja wa viongozi wa mwisho wa wapiganaji hao, Adolfas Ramanauskas, aliyekuwa mwalimu na ambaye msituni alijulikana kwa jina la Vanagas, yaani Mwewe, alikamatwa mwaka 1956, akateswa vibaya, na kuuawa Novemba 1957. Mifupa yake ilipatikana mjini Vilnius mwaka 2018. Alizikwa kwa heshima za taifa Oktoba mwaka huo, karibu miaka sitini na mmoja baada ya kuuawa.

Uhamisho nao uliendelea. Mei 1948, kwa siku mbili tu, walichukuliwa watu wapatao 40,000. Machi 1949 wakachukuliwa maelfu mengine. Kwa jumla, hadi Stalin anakufa mwaka 1953, Walithuania wapatao 130,000 walikuwa wamepelekwa uhamishoni, wengi wao wanawake na watoto, mbali na wale waliofungwa katika kambi za kazi ngumu. Kosa la wakulima lilikuwa na jina: buožė, tajiri wa shamba. Ng'ombe kadhaa na mfanyakazi mmoja wa msimu vilitosha kumpa mtu jina hilo.

Dalia Grinkevičiūtė alikuwa na umri wa miaka kumi na minne alipochukuliwa Kaunas Juni 1941 pamoja na mama yake na kaka yake. Kwanza walilimishwa katika mkoa wa Altai, na mwaka 1942 wakasogezwa hadi Trofimovsk, kisiwa kisichoota mti, mahali ambapo mto Lena unaingia Bahari ya Laptev, wawe wavuvi wa serikali. Majira ya baridi jua halichomozi huko kwa wiki nyingi. Walijijengea mabanda wenyewe, na baridi ile ya kwanza ilipopita, sehemu kubwa yao walikuwa wamekufa. Ardhi ni barafu tupu, haichimbiki, hivyo maiti zilirundikwa nje.

Mwaka 1949 Dalia na mama yake walitoroka wakarudi Kaunas bila ruhusa, kwa sababu mama alikuwa mgonjwa na haja yake ilikuwa moja: afie nyumbani. Wakaishi kwa kujificha. Mama alifariki mwaka 1950. Kumpeleka makaburini ilikuwa ni kujitangaza, basi binti alivunja sakafu ya chumba cha chini katika nyumba iliyokuwa yao, akachimba, akamzika mama yake hapo kwa mikono yake. Alikuwa na miaka ishirini na kitu tu. Katika siku hizo za kujificha aliandika pia yote aliyoyaona kule kaskazini, akazitia karatasi ndani ya chupa ya mdomo mpana na kuifukia bustanini. Punde si punde alikamatwa. Aliporudishwa nchini baada ya miaka kadhaa aliitafuta chupa ile asiione. Akasomea udaktari, akatibu watu wa mji mdogo wa Laukuva, akaandika upya habari zile kutoka kichwani, akafariki siku ya Krismasi mwaka 1987. Chupa ilipatikana mwaka 1991. Karatasi hizo sasa zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Kaunas.

Waliobaki uhamishoni walishika walichoweza. Ndugu waliwatumia ndani ya bahasha kipande cha ule mkate mwembamba wa Kūčios, mwepesi kama karatasi, usioonekana kwa mkaguzi asiyeujua. Pale ambapo hapakuwa na kitu kingine, kipande cha mkate wa mgao kilimegwa badala yake. Mwaka 1953, katika kambi ya Magadan, wanawake wafungwa waliandika na kushona kwa siri kitabu cha sala kinachotosha kiganjani. Mwandishi wake mkuu, mwalimu Adelė Dirsytė, hakurudi hai. Kitabu chake kilitoka kikafika Marekani, kikachapishwa huko mwaka 1959, kikatafsiriwa katika lugha kadhaa.

Nyumbani Lithuania, wakati huohuo, ardhi ilikuwa inabadilika. Wakulima walilazimishwa kuingia katika kolūkis, shamba la pamoja, na uhamisho wa 1948 na 1949 ulikusudiwa pia kuwatisha waliosita. Farasi, majembe na ghala vilihesabiwa kuwa vya wote. Familia iliachiwa ari sitini, kama ekari moja na nusu hivi, na ng'ombe mmoja. Kipande hicho ndicho kilichowalisha, na ndicho kilicholimwa kwa moyo.

Pigo la pili lilikuja kwa mashine. Katika miaka ya 1960 na 1970 serikali ilikausha vinamasi na kunyoosha mashamba ili matrekta yapite, na yale maboma yaliyosimama peke yake yakawa kikwazo. Watu walihamishiwa katika vijiji vipya vya nyumba zinazofanana, na boma likasukumwa na buldoza pamoja na bustani na kisima. Wakati mwingine mwaloni uliachwa. Hata leo mtu anayesafiri katika tambarare za huko huona mwaloni mmoja katikati ya shamba lisilo na mwisho, na mwenyeji humwambia kwamba hapo palikuwa kwa watu. Ajabu ni kwamba katika miaka hiyo hiyo serikali ilikuwa ikijenga Rumšiškės, karibu na Kaunas, makumbusho ya wazi yaliyofunguliwa mwaka 1974, ambako maboma ya zamani yalihamishiwa mbao kwa mbao ili watu wayatazame. Kulikuwa na wanavijiji waliokwenda kulipa kiingilio waione nyumba kama ile waliyobomolewa.

Hapa ndipo ninaporudi kwenye talka. Serikali haikuifuta. Iliichukua. Kila Aprili, kwa kuadhimisha kuzaliwa kwa Lenin, wafanyakazi walitakiwa kujitolea Jumamosi nzima kufagia mitaa na kupanda miti, na kwa Kilithuania shughuli hiyo iliitwa talka. Neno la jirani kumsaidia jirani likawa neno la kuandikwa mahudhurio. Naamini hili lilikuwa hatari zaidi kuliko marufuku yoyote, kwa sababu kilichokatazwa hukumbukwa, lakini kilichobadilishwa ndani huku jina likibaki lile lile huwachanganya hata wazawa.

Mwendo huo ulifuatwa katika mambo mengi. Badala ya Krismasi ulisukumwa Mwaka Mpya, wenye mti ule ule na taa zile zile, na mzee mwenye ndevu nyeupe, Senis Šaltis, Babu Baridi, akawagawia watoto zawadi shuleni. Badala ya kanisa, maharusi walijengewa majumba ya ndoa yenye zulia jekundu. Katika hati, kila Mlithuania aliandikiwa jina la baba katikati kwa desturi ya Kirusi, jambo lisilokuwa la kwao.

Hata nyimbo zilichukuliwa. Tamasha la kwanza la nyimbo la taifa lilifanyika Kaunas mwaka 1924. Wasovieti walilihamishia Vilnius mwaka 1946 na kulipamba kwa picha za Stalin. Nyimbo za kusifu Chama cha Kikomunisti zilifungua na kufunga. Lakini kati ya ufunguzi na kufunga kuna saa nyingi, na maelfu ya watu waliovaa mavazi ya bibi zao wakaimba humo juu ya mto, farasi na mama, kwa Kilithuania, mbele ya maelfu wengine waliojua kila neno. Shairi moja la padre na mshairi Maironis, lililotiwa muziki kabla ya ukomunisti, likawa kama wimbo wa taifa usio rasmi. Watu walisimama lilipoimbwa, na hakuna sheria iliyokataza kusimama. Serikali ilileta jukwaa, wananchi wakalitia roho.

Wachongaji nao walipata njia. Kazi ya kuchonga misalaba, ambayo UNESCO imeitambua kuwa urithi wa utamaduni usioshikika, ilizuiwa. Misalaba ya njiani iling'olewa. Mafundi wakachonga badala yake mashetani, wachawi na wafalme wa hadithi, maana hadithi ziliruhusiwa. Mwaka 1979 walianza kukijaza kilima cha Juodkrantė, kwenye ukanda wa mchanga wa pwani, kwa sanamu za mti za namna hiyo. Mikono haikusahau patasi, na siku ya misalaba iliporudi mafundi walikuwapo.

Wanachama wa Chama wengi walikuwa Walithuania wenyewe. Antanas Sniečkus, aliyekiongoza chama hicho hadi kufa kwake mwaka 1974, alikuwa mtoto wa wakulima, na mama yake mzazi alikimbilia Magharibi mwaka 1944 jeshi la upande wa mwanawe lilipokaribia. Ngazi za chini hali ilikuwa na kona nyingi. Baba mwenye kadi ya Chama angesafiri kikazi Jumapili fulani, na bibi angemchukua mjukuu kwa basi hadi parokia ya mbali wasikojulikana, akarudi naye amebatizwa. Baba hakuuliza. Ndoa pia zilifungwa hivyo, jioni, kanisani, mashahidi wawili na mlango umefungwa. Husimuliwa kwamba baada ya Pasaka walimu walikagua vidole vya watoto kutafuta rangi ya mayai yaliyochemshwa na maganda ya vitunguu. Kama ni kusema nani alilishika taifa hilo kwa mkono, nitasema ni bibi. Hakuwa na cheo cha kunyang'anywa wala kazi ya kufukuzwa, na pensheni yake ilikuwa ndogo mno kutishia mtu.

Kanisa kuu la Vilnius liligeuzwa jumba la picha. Kanisa la Mtakatifu Kazimieras likawa makumbusho ya ukanaji Mungu. Mjini Klaipėda waumini walipata kibali cha kujenga, wakachanga fedha wenyewe, wakabeba matofali, na mwaka 1960 kanisa lilipokamilika serikali ililinyang'anya kabla ya misa ya kwanza, ikabomoa mnara, ikalifanya ukumbi wa muziki. Mapadre wawili waliosimamia ujenzi walifungwa. Mwaka 1979 watu zaidi ya 148,000 walitia saini, kwa majina yao halisi, hati ya kudai kanisa hilo. Walirudishiwa miaka tisa baadaye.

Kuanzia tarehe 19 Machi 1972 kulikuwa na jarida lisilo na ofisi: Kumbukumbu za Kanisa Katoliki la Lithuania. Lilipigwa taipu nyumbani, nakala chache kwa kila mpigo, likaandika nani amefukuzwa shule kwa kusali, padre gani amepigwa, msalaba upi umekatwa. Padre Sigitas Tamkevičius alilihariri hadi alipokamatwa mwaka 1983. Mtawa Nijolė Sadūnaitė alikamatwa mwaka 1974 akiwa analipiga taipu. KGB, idara ya usalama ya Kisovieti, haikuweza kulizima, na yalitoka matoleo 81.

Karibu na Šiauliai kipo Kilima cha Misalaba. Watu wamekuwa wakisimika misalaba hapo tangu karne ya kumi na tisa, mingi yake kwa ajili ya ndugu waliouawa na kupotea pasipo kaburi. Mwaka 1961 buldoza zilikisafisha: ya mti ikachomwa, ya chuma ikapelekwa chakavu, ya mawe ikavunjwa. Usiku misalaba mipya ikapandwa. Kikasafishwa tena mwaka 1973, na tena 1975. Kila mara mtu alitembea gizani, mti begani, akijua barabara inalindwa.

Kwa wafu ndiko Walithuania hawakukubali kamwe. Tarehe 1 na 2 Novemba, siku za Vėlinės, makaburi ya nchi hiyo huwaka mishumaa mpaka mbingu ya usiku inageuka rangi. Serikali haikuthubutu kuzuia mtu kwenda kwenye kaburi la mama yake. Novemba 1956, habari za maasi ya Hungaria zilipokuwa zikisikika redioni, umati uliokuja na mishumaa huko Kaunas na Vilnius ulianza kuimba nyimbo za uhuru, na polisi wakawatawanya kwa nguvu. Tarehe 14 Mei 1972 kijana wa miaka kumi na tisa, Romas Kalanta, alijimwagia petroli na kujichoma katika bustani moja ya Kaunas, akafa. Mazishi yalitangazwa, watu wakakusanyika, kumbe wakuu wa usalama walikwisha kuilazimisha familia imzike mapema. Kunyimwa mazishi ndiko kulikoipasua Kaunas. Vijana walijaa barabarani siku mbili, wakidai uhuru.

Mwisho wa utawala huo umeandikwa sana, nami nitaupita haraka. Mwaka 1988 vuguvugu la Sąjūdis lilianza, na baadaye likaongozwa na Vytautas Landsbergis, profesa wa muziki. Tarehe 23 Agosti 1989 watu wapatao milioni mbili wa Lithuania, Latvia na Estonia walishikana mikono kutoka Vilnius hadi Tallinn, mwendo wa kilomita 600 na zaidi. Uhuru ukatangazwa tarehe 11 Machi 1990. Tarehe 13 Januari 1991 vifaru viliushambulia mnara wa televisheni wa Vilnius, na watu kumi na wanne wakapoteza maisha. Usiku ule wenyeji waliulinda mji bila silaha, wakiota mioto ya kuni, wakiimba, na wanawake wakiwapitishia wasiowajua chai na mkate. Ile ilikuwa talka, imerudi kwa wenyewe.

Tangu mwaka 1989 familia nyingi zimekwenda Siberia kufukua mifupa ya wazazi wao na kuirudisha makaburini kwao. Wengi hawakuweza. Kuanzia mwaka 2006 vijana, ambao wengi wao hawakuuona ukomunisti, walikuwa wakisafiri kila mwaka hadi kwenye makaburi ya huko Siberia, wakakata vichaka, wakasimamisha misalaba iliyolala, wakaandika upya majina yaliyofutika. Mwaka 2018 Urusi iliwanyima viza. Wakaenda Kazakhstan, maana na huko wapo Walithuania waliozikwa.